Tela la Boti Nyepesi: Namna ya Kulichagua na Kulipanga Kabla ya Kuingia Barabarani

Katika safu hii ya elimu kwa umma tumezoea kuzungumzia mambo yanayotukia majini: majaketi ya kuokolea, abiria kupita kiasi, dhoruba za ghafla. Leo tunarudi nyuma hatua moja, tuizungumzie safari ya boti kabla haijaonja maji. Sababu tunayo. Siku moja tuliitwa kwenye mteremko unaoelekea mwalo mmoja wa Ziwa Victoria. Tulipofika tulikuta boti ya plaiwudi iliyopakwa rangi ya samawati imelala ndani ya kibanda cha nyanya, tela likiwa limepinduka mtaroni, na gari lililokuwa likilivuta limesimama mita mia moja mbele, dereva angali ameushika usukani. Mwenye kibanda, mama wa makamo, alikuwa ameinuka dakika chache kabla kwenda kumpokea mwanawe atokapo shule. Kiti chake tulikiokota vipande vipande.

Wenye boti walikuwa vijana wawili, ndugu wa tumbo moja, walioijenga kwa mikono yao kwa muda wa miezi minane. Hawakuwa walevi, wala hawakuwa wakienda mbio. Mkubwa wao alituambia kwa masikitiko, “Afande, tulichagua tela lililo imara kuliko yote.” Naye alisema kweli. Chuma cha tela lile kilikuwa kinene na ekseli yake ilikuwa ya pikapu. Tulipolikagua tuliona makosa matatu, na hakuna hata moja lililotokana na udhaifu wa chuma. Tela lilikuwa gumu mno kwa mzigo wake, boti ilikuwa imekaa nyuma mno, na tufe la gari lilikuwa dogo kwa kikombe cha tela. Hayo matatu ndiyo yatakayotushughulisha zaidi katika somo hili.

Tuanze na uzito, kwa kuwa pasipo kuujua uzito hakuna uchaguzi, ila kubahatisha. Watu wengi waliojijengea boti hujua bei ya kila msumari, lakini ukiwauliza uzito hutazamana. Hesabu yake si ngumu. Bamba moja la plaiwudi ya milimita 6, lenye vipimo vya kawaida vya sentimita 122 kwa 244, huwa na kilo 10 hivi, zaidi au pungufu kwa kutegemea aina ya mti. Boti ya mita 4 yaweza kutumia mabamba matano au sita. Ongeza mataruma, mkuku, gundi na rangi, utafika karibu na kilo 100. Injini ya nguvu za farasi 15 ni kama kilo 40. Dumu la lita 25 za petroli ni karibu kilo 19. Nanga, makasia na majaketi, tuseme kilo 15. Boti ambayo watu wanne waliibeba wakicheka siku ilipotoka karakanani, sasa imefika kilo 170 na ushei. Tela dogo lenyewe likiwa na kilo 130, jumla ni kama kilo 300.

Kilo 300 si mzigo mkubwa, na magari mengi madogo huweza kuuvuta, mradi kitabu cha mtengenezaji wa gari kiruhusu. Taabu huanza pale mwenye boti anapokwenda kwa fundi wa kuchomelea akaonyeshwa ekseli kuukuu ya pikapu pamoja na springi zake, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ekseli hiyo iliundwa kubeba mamia mengi ya kilo. Ukiiwekea boti yetu, springi hazijui hata kama zimebebeshwa kitu. Hazipindi. Kila shimo la barabara ya murramu hupanda moja kwa moja mpaka kwenye mataruma ya boti, na tela hurukaruka kama mwanambuzi. Gundi huachia kidogo kidogo, misumari hulegea, ufa mwembamba kama unywele hufunguka kando ya mkuku. Mwenye boti haoni kitu akiwa nchi kavu. Atauona ufa huo akiwa amekwisha kwenda mbali na ufuko, maji yakimlowesha miguu.

Basi mwambie fundi uzito wa mzigo wako kabla hajawasha moto. Ekseli ya gari dogo yatosha. Ikiwa hakuna ila ile ya pikapu, fundi anayeijua kazi yake aweza kupunguza idadi ya vyuma vya springi, akabakiza vile vinavyoulingana mzigo. Ukisha pakia, bonyeza nyuma ya tela kwa uzito wa mwili wako: lishuke kidogo, kisha lirudi. Lisiposhuka kabisa, bado ni gumu. Upepo wa matairi nao usijazwe mpaka namba ya juu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kuwa namba ile ni ya mzigo wa mwisho ambao tairi laweza kuubeba, nawe umebeba robo yake tu.

Hapa tuseme neno kwa wenye boti ndogo zaidi. Boti isiyofika kilo 60 huenda haihitaji tela hata kidogo: hulala vema juu ya gari, kifudifudi, au husukumwa kwa mkokoteni wa magurudumu mawili ikiwa nyumba haiko mbali na mwalo. Lakini wapo wanaoifunga nyuma ya boda boda juu ya magurudumu ya pikipiki. Hao tunawaomba waache. Gurudumu la pikipiki liliundwa kulala upande pamoja na chombo chake kwenye kona. Likifungwa kwenye tela halilali, nguvu yote ya kona huzipiga spoki kwa ubavu, na pikipiki yenyewe haina uzito wa kuushinda mzigo unaoisukuma kutoka nyuma.

Jambo la pili ni mahali boti inapolala. Tela nyingi za kununua huja na magurudumu madogo ya mpira ambayo boti hupitia ikipanda na kushuka. Kwa boti nzito ya bati au ya nyuzi za kioo ni kifaa kizuri. Kwa plaiwudi nyembamba si kizuri, kwa sababu kila gurudumu hugusa mahali padogo kama kiganja, na mahali hapo hubeba mapigo yote ya njia. Sisi twapendelea mbao mbili ndefu za kulalia, zilizofunikwa zulia kuukuu, zikifuata urefu wa boti, na kila moja ikipita chini ya mataruma, si katikati ya uwazi baina yake. Mkuku ndio ubebe uzito, mbao ziishikilie boti isilale upande. Na mbao hizo zifike mpaka chini ya ubao wa nyuma, pale injini inapofungwa. Zikiishia njiani, nyuma ya boti hubaki ikining'inia, nayo hupinda taratibu hadi chombo kipoteze umbo lake. Boti iliyopinda hivyo haiendi tena kama ilivyojengwa, na fundi wake hulaumiwa bure.

Sasa tuje kwenye mizani, na hapa tunaomba msomaji awe na subira, kwa maana ndipo palipo kiini cha ajali nyingi za tela. Mkono wa tela ni lazima ukalie tufe la gari kwa uzito fulani. Ukikalia kwa uzito mdogo mno, au nyuma ikizidi mbele, tela huanza kutikisika kulia na kushoto kama mkia wa samaki, na kila mtikisiko hukuza ule unaofuata hadi gari lenyewe liyumbe. Ukikalia kwa uzito mwingi mno, nyuma ya gari huinama, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mguso, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Kwa tela dogo, kanuni iliyo salama ni asilimia kati ya 5 na 10 ya uzito wote. Kwa kilo zetu 300, hiyo ni kati ya kilo 15 na 30. Lenga 20 au 25.

Kupima hakuhitaji mtambo. Simamisha tela lililopakiwa kwenye uwanja ulio sawa, zuia magurudumu kwa mawe, kisha uuweke mkono wake juu ya mizani ya kupimia watu, ukiinua kwa kipande cha gogo hadi kimo kiwe kile kile cha tufe la gari. Toa uzito wa gogo, na kinachobaki ndicho unachokitafuta. Ikiwa pungufu, isogeze boti mbele. Katika mfano wetu, iwapo kutoka kwenye tufe hadi ekseli ni mita 3, kila sentimita 10 unazoisogeza boti mbele zitaongeza karibu kilo 6 kwenye mkono. Ikiwa boti haiwezi kusogea zaidi kwa sababu omo imeigusa nguzo ya mbele, basi ekseli ndiyo isogezwe nyuma. Ndiyo maana twawashauri mafundi wasiichomelee ekseli moja kwa moja kwenye fremu, bali waifunge kwa bolti zinazofunguka, mpaka siku mizani ikubali.

Wale ndugu wawili walipima. Hilo tuliwasifu nalo mbele ya kila mtu. Ila walipima injini ikiwa sebuleni kwao, na siku ya safari wakaifunga mahali pake nyuma ya boti. Injini ya kilo 40 ikining'inia mita moja na nusu nyuma ya ekseli huondoa kilo 20 kwenye mkono wa tela. Kipimo chao chote kiliyeyuka kwa bolti mbili. Injini na isafiri ndani ya gari, au ikiwa haiwezekani, pima ikiwa pale pale itakaposafiria, pamoja na dumu la mafuta. Baada ya hapo funga kizuizi mahali omo inapofika na upige alama ya rangi, ili boti irudi mahali pale pale kila mara, hata mkiipakia usiku mkiwa mmechoka.

Kosa lao la tatu lilikuwa tufe. Magari yetu mengi yameingia nchini yakiwa yametumika, kutoka kila upande wa dunia, na matufe yake hayafanani. Lipo la milimita 50, lipo la inchi 2, na lipo la inchi 1 na 7/8, ambalo ni milimita 47 na kitu. Kwa macho yote ni mamoja. Lakini kikombe cha milimita 50 kikifungwa juu ya lile la inchi 1 na 7/8 hushika vizuri kwenye tambarare, kisha huruka gari lipigapo tuta. Soma namba iliyogongwa juu ya tufe na ile iliyogongwa kwenye kikombe. Kisha jaribu: funga kikombe, weka jeki chini ya mkono wa tela, inua hadi nyuma ya gari ianze kupanda. Kikombe kikichomoka, afadhali kichomoke hapo uani kwako.

Hata hivyo chuma ni chuma, na chaweza kukatika. Kwa hiyo ziwepo minyororo miwili kutoka kwenye tela hadi kwenye fremu ya gari, ikipishana chini ya mkono wa tela kama mikono iliyokunjwa. Tufe likiachia, mkono huangukia kwenye minyororo badala ya kuchimba lami, na tela hubaki nyuma ya gari lake. Urefu uwe wa kutosha kukata kona bila kuburuta chini. Tela lililotua kwenye kibanda cha nyanya lilikuwa na minyororo, mizuri kabisa, imefungwa kwa unadhifu kwenye fremu ya tela lenyewe isipigepige kelele.

Kuhusu kamba tutasema machache. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea, na katika nchi yenye mvua na jua siku moja utakuwa ukifunga mara tatu. Mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao sote twaupenda kwa kuwa haugharimu kitu, huvutika, na boti huendelea kucheza juu yake. Nunua mikanda miwili ya kufungia yenye kikazio, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, uikaze boti isicheze lakini usiikamue. Tumewahi kuona mkanda ulioivunja kingo ya juu ya boti kabla haijatoka uani.

Maji ya mvua yastahili aya yake. Boti iliyo wazi ni beseni. Maji ya kimo cha sentimita 5 tu juu ya sakafu yenye mita 3 kwa mita 1 ni lita 150, nazo ni kilo 150, karibu sawa na boti na vifaa vyake vyote. Tena maji hayatulii: ukipanda mlima hukimbilia nyuma na kuuinua mkono wa tela, ukishuka hukimbilia mbele. Mizani yote uliyoisumbukia imekwisha. Toa kizibo cha chini ya boti muda wote iwapo barabarani, ukakifunge kwa uzi kwenye ufunguo wa gari, mahali usipoweza kukisahau. Twasema hivyo kwa kuwa askari wetu mmoja aliwahi kuishusha boti ya kikosi majini akiwa na kizibo mfukoni mwa suruali yake. Aliogelea vizuri.

Nyuma ya tela ni lazima pawe na taa za breki, za kuonyesha upande na za usiku, maana boti huzifunika zile za gari. Ubao wa taa unaofungwa nyuma ya boti na kuondolewa kabla ya kuingia majini ni bora kuliko taa zilizochomelewa, ambazo balbu zake zikiwa moto hupasuka zigusapo maji. Weka na viakisi mwanga vyekundu, na namba ya usajili ionekane. Wavuvi huondoka kabla ya alfajiri. Tunalijua hilo, wala hatuwezi kuwaambia samaki wabadilishe saa. Lakini tela lisilo na taa saa kumi za usiku ni ukuta uliosimama barabarani.

Safari ya kwanza iwe fupi. Baada ya kilomita 10 simama, weka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa na joto la uji, endelea. Kikikufanya uondoe mkono, beringi imekaza au imekosa grisi. Kaza tena nati za magurudumu na uiangalie mikanda. Katika mteremko, ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Anayetoka Biiso kushuka Butiaba, ambako barabara huporomoka mamia ya mita hadi Ziwa Albert, ataelewa twasema nini. Tela likianza kutikisika, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, usipige breki kwa nguvu, wala usimsikilize anayekuambia uongeze mwendo ulinyooshe. Na asipande mtu ndani ya boti iliyo juu ya tela, hata mtoto, hata kwa mita mia mbili za kufika mwaloni. Hatuna msamaha katika hilo.

Kwenye vizuizi vyetu askari wa barabarani ataangalia taa, matairi, minyororo na namba, kisha atauliza boti ni ya nani. Boti ya kujengwa nyumbani haina risiti ya duka. Basi tembea na picha za ujenzi wake, risiti ya injini na namba yake ya utambulisho, na barua ya mwenyekiti wa LC1 anayekujua. Barua hiyo haichukui nafasi ya leseni ya chombo wala usajili wa tela, lakini injini za boti huibwa sana, na karatasi hizo hukufupishia mazungumzo. Ukikutwa na kosa, faini hulipwa benki na kupewa stakabadhi, haiwekwi mkononi mwa askari. Akikuomba ya mkononi, andika namba iliyo kifuani pake uje kwetu.

Mkifika majini, pumzisheni tela kwa robo saa. Kitovu chenye moto kikitumbukizwa katika maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupita kwenye sili, na beringi huoza ikiwa imefichika. Faida ya boti nyepesi ni kwamba hailazimu kulizamisha tela: rudi nyuma hadi matairi yaguse maji, weka mawe nyuma ya magurudumu ya gari, vuta breki ya mkono, ondoa ubao wa taa, rudisha kizibo, kisha watu wanne waitelezeshe boti juu ya zulia.

Wale ndugu wamelikarabati tela lao kwa ekseli nyingine, na mama wa nyanya amejengewa kibanda kipya, safari hii upande wa pili wa barabara. Mwenye tela jipya ambalo halijapimwa na alilete kituoni mchana, likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri. Mizani tunayo, jeki tunayo, na ukaguzi huo hauna malipo.